Kitambulisho Changu Kimebaki Wapi? Kugeuza Faili za Picha kwa Intaneti au Bila Intaneti



Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Tulikuwa tumepanga kuandika juu ya kuhifadhi ndengu zisiliwe na wadudu, lakini swali tuliloulizwa na nyanya mmoja katika mkutano wa kikundi cha akina mama huku Ukambani lilitufanya tuziweke ndengu kando kwanza.

Kikundi hicho kina wanachama 23. Walikuwa wanaomba msaada wa kutengeneza bwawa lao la mchanga, ambalo ukuta wake ulipasuka upande mmoja wakati wa mvua. Mfadhili alitaka maombi yaletwe kwa intaneti. Picha za bwawa ziwe za aina ya JPG, kila moja isizidi MB 2, na nakala za vitambulisho vya wanachama wote ziunganishwe katika faili moja ya PDF. Katibu wao ni kijana mwerevu, amemaliza shule juzi juzi tu. Alipiga picha zote kwa simu aliyoazimwa na binamu yake anayefanya kazi Nairobi. Kumbe simu ile huhifadhi picha kwa aina nyingine iitwayo HEIC, na tovuti ya mfadhili ikazikataa zote. Kijana akajaribu kubadilisha jina: akafuta HEIC, akaandika JPG. Zikakataliwa tena. Basi akaenda saiba pale sokoni, akatafuta kwenye intaneti namna ya kugeuza, akabonyeza tovuti ya kwanza iliyojitokeza, akapakia picha za bwawa pamoja na vitambulisho vyote 23. Baada ya dakika chache kazi ilikuwa imekwisha, tena bila malipo.

Alipotoa ripoti mkutanoni wanachama walimpigia makofi. Sisi pia tulipiga. Halafu nyanya yule akainua mkono akauliza: "Mjukuu wangu, hiyo mashine iliyogeuza, si ni ya mtu? Sasa kitambulisho changu kimebaki wapi?"

Kijana akatutazama sisi. Sisi tukatazama chini, na ni haki mjue kwa nini.

Kosa letu wenyewe

Ofisini kwetu tunatunza daftari la wagonjwa wanaotembelewa nyumbani. Ndani yake kuna majina, vijiji, na dawa ambazo kila mtu anatumia. Ijumaa moja tulitakiwa kupeleka kurasa kadhaa za daftari hilo kwa mhudumu wetu wa afya kama faili ya PDF. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, ikarudi saa kumi jioni, na kila mtu alitaka kwenda nyumbani. Tukapiga picha kurasa zile kwa simu, tukazipakia kwenye tovuti moja ya kugeuza faili, tukapata PDF safi kabisa. Tukafurahi, tukafunga ofisi.

Ni Jumatatu ndipo mmoja wetu aliuliza: ile tovuti ni ya nani? Tulipoitafuta hatukuona jina la mwenyewe, wala nchi aliyoko, wala mahali pa kuomba picha zifutwe. Hatujui kama zilifutwa baada ya saa moja au kama zingali zimekaa mahali fulani hadi leo. Ilibidi twende nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu wale kuwa habari zao za siri zilitoka mikononi mwetu. Wengi walitusamehe. Mama mmoja alituambia tu, "Nilidhani daftari lenu lina kifuniko."

Kwa hiyo tunapofundisha somo hili, msifikiri tunawanyoshea kidole vijana wa saiba.

Kugeuza ni kufanya nini?

Tuanze na lile jambo la kubadilisha jina, kwa maana vikundi vingi vimenaswa hapo. Ukichukua debe la mafuta taa ukaandika juu yake "maziwa", ndani bado ni mafuta taa. Herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili, kama JPG au PNG, ni maandishi ya juu ya debe. Kugeuza faili ni kazi nyingine: programu inaifungua picha, inaisoma yote, halafu inaiandika upya kwa mpango mwingine. Ndiyo maana lazima iwepo mashine inayoiona picha yako nzima. Swali la nyanya linaanzia hapo hapo.

Aina mtakazokutana nazo si nyingi. JPG, ambayo wengine huiandika JPEG, imekuwako tangu 1992 na hufunguka karibu kila mahali. Inabana picha kwa kutupa sehemu ambazo jicho halizioni sana, kwa hiyo faili huwa ndogo. Ubaya wake ni kwamba kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena kama JPG, inatupa kidogo tena. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi. Picha halisi iliyotoka kwenye kamera iwekeni mahali isiguswe, mfanye kazi na nakala.

PNG ilikuja 1996 na haitupi kitu. Inafaa kwa nembo ya kikundi, michoro, na maandishi ambayo mistari yake inatakiwa ibaki mikali. Lakini ukigeuza picha ya bwawa kuwa PNG, faili yaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko JPG na macho yako yasione tofauti. HEIC ndiyo iliyomsumbua kijana wetu. Simu za iPhone zilianza kuitumia 2017, na baadhi ya simu za Android zinaweza kuitumia pia, kwa sababu huchukua karibu nusu ya nafasi inayochukuliwa na JPG. Ni nzuri ndani ya simu, lakini tovuti na kompyuta nyingi haziipokei. WebP ilitolewa na kampuni ya Google 2010, na mara nyingi utaikuta kwenye picha ulizozitoa kwenye intaneti. Nayo PDF si picha hasa. Ni kama bahasha ambayo ndani yake unaweza kutia kurasa nyingi zikafuatana.

Jambo moja dogo lingemwokoa kijana wetu safari ya saiba. Katika iPhone, ukiingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya aina za faili, unaweza kuchagua ile inayokubalika kila mahali, na toka hapo simu itapiga JPG moja kwa moja. Simu za Android zenye HEIC nazo zina mahali pa kuizima katika mipangilio ya kamera. Fanyeni hivyo kabla ya siku ya kupiga picha, na nusu ya somo hili haitawahusu.

Njia ya intaneti

Tusiichafue bure, kwa maana ina faida zake. Haihitaji kuweka programu yoyote kwenye mashine. Mtu mwenye simu tu, isiyo na nafasi, anaweza kuitumia. Inajua aina za faili ambazo huenda hujawahi kuzisikia. Kama ni picha mbili tatu za miche ya miembe, au ukuta wa bwawa, au mbuzi wa kikundi, picha ambazo mngezibandika hata ukutani kwa chifu kila mtu azione, basi tumieni, mmalize kazi mwende shambani.

Shida ya kwanza ni gharama. "Bila malipo" si kweli kama bando ni lako. Tupige hesabu. Kikundi kina picha 40 za HEIC, kila moja MB 2. Kuzipeleka ni MB 80. Zikigeuzwa kuwa JPG zenye ubora ule ule zitakuwa karibu MB 4 kila moja, na kuzirudisha ni MB 160. Jumla ni MB 240, kwa kazi ambayo kompyuta ingeifanya hapo hapo mezani bila hata MB moja. Na mtandao ukikatika kwenye picha ya 31, kama inavyotokea sana huku kwetu mpaka upande kilima, mara nyingi unaanza tena.

Shida ya pili ni nzito zaidi. Picha inaondoka mikononi mwako na kukaa, hata kama ni kwa dakika chache, katika kompyuta ya mtu mwingine, pengine nchi nyingine. Ziko kampuni za kugeuza faili zinazojulikana, zinazoeleza wazi kuwa hufuta faili baada ya muda fulani. Wewe huna njia ya kwenda kuhakikisha, unaamini neno lao. Halafu ziko tovuti zilizofunguliwa kwa nia mbaya. Mwezi wa Machi 2025, ofisi ya FBI ya mji wa Denver, yaani polisi wa upelelezi wa Marekani, ilitoa onyo juu ya tovuti za bure za kugeuza faili. Walisema baadhi yake hufanya kazi ile uliyoomba, lakini faili unayorudishiwa inaweza kubeba programu mbaya ya kuingilia kompyuta yako. Tena zinaweza kuchota habari zilizomo ndani ya faili ulizopeleka, kama tarehe za kuzaliwa, nambari za simu na habari za benki. Angalieni hapo: kazi inafanyika vizuri, picha inageuka, unashukuru. Kupata kazi safi si dalili kwamba hujaibiwa.

Hebu mtazame kitambulisho chako. Kuna jina lako kamili, nambari, tarehe na mahali ulipozaliwa, sahihi yako, sura yako, na katika vitambulisho vya zamani hata alama ya kidole. Vitambulisho 23 katika faili moja ni karibu kijiji kizima.

Njia ya bila intaneti

Hapa programu inakaa ndani ya kompyuta au simu yako, na picha haitoki nje. Watu wengi hufikiri ni jambo la wataalamu. Si kweli. Kompyuta yenye Windows inakuja na programu ndogo ya kuchorea iitwayo Paint. Fungua picha ya PNG ndani yake, chagua kuihifadhi kwa aina nyingine, chagua JPG, imekwisha. Kwa picha moja au tano hiyo inatosha kabisa.

Zikiwa 40, tafuteni programu inayogeuza nyingi kwa mpigo mmoja. Sisi tunatumia IrfanView, iliyotengenezwa na kijana mmoja kutoka Bosnia na kutolewa mara ya kwanza 1996. Ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na yenyewe ni ndogo, chini ya MB 10, ila kwa HEIC itahitaji viongezo vyake. Unachagua picha zote, unasema ziwe JPG, unasema upana uwe pikseli ngapi, unabonyeza, unaenda kunywa chai. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Kuna pia LibreOffice, ambayo ni bure kabisa: unatia picha katika ukurasa kama unavyotia katika barua, halafu unaitoa kama PDF.

Na kama kikundi hakina kompyuta? Simu nyingi za Android zinaweza kutoa PDF zenyewe. Fungua picha, tafuta neno la kuchapisha katika menyu yake, na pale simu inapouliza ni printa gani, chagua kuhifadhi kama PDF. Hakuna printa, hakuna bando, hakuna saiba. Tulipowaonyesha akina mama wale jambo hili, mweka hazina wao alilifanya mara ya kwanza bila kushikwa mkono, naye alikuwa amekaa nyuma akisema yeye ni mtu wa jembe.

Juu ya ile MB 2 wanayotaka wafadhili: msianze kwa kupunguza ubora, anzeni kwa kupunguza vipimo. Picha ya simu mara nyingi ina pikseli 4000 kwa 3000. Ukiifanya 2000 kwa 1500 umebakisha robo ya pikseli, na bado inatosha kuchapishwa vizuri kwa ukubwa wa kadi ya sentimita 10 kwa 15, ambayo huhitaji kama 1200 kwa 1800. Lakini hati yenye maandishi madogo, kama stakabadhi ya benki, baada ya kuipunguza isomeni wenyewe kwanza. Tumeona maombi yakirudishwa kwa sababu nambari ya akaunti ilikuwa doa jeusi.

Njia hii nayo ina mitego. Ukiichukua programu mahali popote tu, waweza kuleta ugonjwa nyumbani kwa mikono yako. Ichukueni kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, wala si kwa flashi ya rafiki wa rafiki. Na yule anayewaambia ati lazima mlipe kwanza ndipo awawekee programu ya bure, mwulizeni vizuri.

Picha hubeba pia habari zisizoonekana. Simu nyingi huandika ndani ya picha tarehe, saa, na kama umeruhusu, mahali hasa ilipopigwa. Kwa bwawa ni jambo jema, mfadhili anapata kujua bwawa liko wapi. Kwa picha ya mgonjwa kitandani kwake, umemchorea mtu asiyemjua njia ya kufika mlangoni. Unapogeuza kwa IrfanView, kuna mahali pa kuchagua habari hizo zibaki au ziondolewe. Kwenye tovuti ya mtu mwingine, zinakuwa zimeshamfikia kabla hujaamua.

Iko njia ya katikati

Hii wengi hawaijui. Kuna kurasa za intaneti ambazo ukizifungua, programu yenyewe ndiyo inayokuja kwako, na picha inageuzwa ndani ya mashine yako bila kwenda popote. Mfano ni Squoosh, iliyotolewa na watu wa Chrome wa kampuni ya Google 2018. Inafanya picha moja moja, kwa hiyo si ya kazi kubwa, lakini kwa kubana na kugeuza PNG au WebP kuwa JPG ni nzuri.

Mtajuaje ukurasa ni wa namna hii, au ni ule wa kuchukua picha zenu? Fungueni ukurasa, subirini uje wote, halafu zimeni data. Sasa jaribuni kugeuza picha isiyo na siri, ya kuku kwa mfano. Ikigeuka data ikiwa imezimwa, kazi imefanyika hapo mkononi mwenu. Ikigoma, basi ilikuwa inataka kuipeleka picha nje, na mkate shauri mkijua hivyo. Hata iliyofaulu, kwa jambo la siri fungeni kwanza ukurasa ndipo muwashe data. Lakini kwa vitambulisho sisi tungetumia simu au kompyuta tu, bila kuzunguka.

Je, saiba ni wapi katika hizi?

Hapa ndipo tulipobishana sana siku ile. Mwenyekiti alisema, "Basi tumwambie kijana wa saiba atumie programu isiyo ya intaneti, yaishe." Haiishi. Kompyuta ya saiba si yenu. Faili zinabaki katika mahali pa kupakulia, na mteja anayekuja baada yenu anaweza kuzifungua. Tena siku hizi desturi imekuwa hivi: unafika, unaambiwa "nitumie kwa WhatsApp", unatuma kitambulisho kwenye simu ya saiba, wanakuchapishia, unalipa, unaenda. Kitambulisho chako kimebaki kwenye simu ile pamoja na vya watu wote wa soko. Hakuna tovuti ya ng'ambo hapo, ni jirani yetu tu, huenda ni mtu mwema kabisa, lakini simu yake ikiibwa?

Kwa hiyo maneno "intaneti" na "bila intaneti" hayatoshi. Ulizeni mashine ni ya nani, na nani atabaki na faili ninyi mkishaondoka. Kama hamna budi kwenda saiba, pelekeni kwa flashi, mmoja wenu akae kando ya kijana anapofanya kazi, na kabla ya kulipa mwombe afute faili mbele yenu, pamoja na kumwaga kile kikapu cha taka cha kompyuta. Mkiwa mmefungua barua pepe yenu, itokeni. Kijana mwenye heshima hatakasirika. Wawili kati ya wale wa soko letu sasa wanafanya hivyo bila kuombwa.

Sheria nayo inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019. Inasema habari za afya ya mtu, habari za mali yake, na hata majina ya watoto wake na ya mume au mke wake ni habari nyeti, zinazohitaji uangalifu zaidi. Habari za mtoto zinahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Kupeleka habari za watu nje ya nchi nako kuna masharti yake. Msiseme hiyo ni ya benki na makampuni. Tangu ile sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii, kikundi kinachoandikishwa kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua kumi, na katibu anayekusanya nakala zao ameshika habari za watu. Akizipoteza, hawezi kujitetea kuwa hakulipwa mshahara.

Na kama faili zimeshakwenda, kama zetu? Rudini kwenye tovuti ile mwangalie kama ina kitufe cha kufuta, au anwani ya kuandikia, mwombe zifutwe na mhifadhi nakala ya ombi. Kompyuta iliyopokea faili iliyogeuzwa ipimwe virusi. Kisha waambieni wenyewe, mapema, wakiwa wamekaa pamoja, ili mtu akiona mkopo asioujua au laini ya simu asiyoisajili ajue mahali pa kuanzia kuuliza. Malalamiko yanaweza kupelekwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sehemu ngumu ni ile ya kuwaambia wenyewe. Sisi tulichukua siku tisa kabla ya kubisha mlango wa kwanza, na hakuna sababu nzuri ya siku hizo tisa.

Kazi ya mkutano ujao

Katibu alete simu au kompyuta inayotumiwa na kikundi. Wanachama wataje picha zote ambazo kikundi kimepeleka mahali kwa njia ya intaneti mwaka huu, mwandishi aziandike ubaoni katika sehemu mbili: zile ambazo mngebandika kwa chifu, na zile ambazo msingebandika. Mtabishana juu ya baadhi. Kwa mfano, picha ya watoto wa chekechea wakinywa uji wenu iko upande gani? Orodha ya michango ya kila mwezi je? Msiharakishe hapo, bishaneni mpaka wote waelewe sababu.

Halafu chukueni picha moja ya upande wa pili, mwanachama ambaye hajawahi kushika kazi hiyo aigeuze kuwa PDF ndani ya simu, data ikiwa imezimwa, wengine wakitazama. Kikundi cha bwawa kilifanya zoezi hili wiki mbili baada ya lile swali, na aliyechaguliwa kushika simu alikuwa nyanya mwenyewe. Alitumia kitambulisho chake, akamaliza, akairudisha simu kwa mjukuu, akamwambia afute pia ile picha iliyobaki mle ndani.